Je, Elimu ya Ng'ambo Ni Mali ya Nani?

Siku hizi si ajabu kusikia ya kwamba kijana fulani wa Kibiti, au wa Ikwiriri, au hata wa kijiji kimoja cha delta ambako mtu hafiki ila kwa mashua, amepata nafasi ya kwenda Ulaya au Marekani au China kusoma shahada ya pili au ya tatu. Habari hiyo ikifika, watu hufurahi. Wazee humwombea dua, ndugu huchanga nauli, na mama yake hupongezwa kila aendako. Lakini furaha ikiisha kupoa, huanza maneno. Mmoja husema, "Akirudi atatujengea." Mwingine husema, "Hatarudi huyo. Waliotangulia wamerudi wangapi?" Na kijana mwenyewe akiyasikia hayo husema moyoni mwake, "Mbona watu hawa wanagawana kitu nisichokipata bado, tena kitakachotoka katika jasho langu mimi?"

Maneno hayo yana swali ndani yake, nalo ni swali la haki. Elimu anayoipata mtu ng'ambo ni mali ya nani? Je, ni yake mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekesha na vitabu? Au ni ya wale waliomtoa? Na kama ni deni, deni hilo hulipwa kwa kitu gani? Nataka tulitazame jambo hili polepole, maana watu wengi hugombana juu yake kwa sababu kila mmoja ameutazama upande mmoja tu.

Kwanza yatupasa kuijua safari yenyewe, kwa kuwa wengi wetu twaisikia kwa mbali. Mtu akimaliza kidato cha sita huweza kuingia chuo kikuu, akatoka na shahada ya kwanza baada ya miaka mitatu au zaidi, kwa kadiri ya somo lake. Wengi huishia hapo. Shahada ya pili, yaani uzamili, huchukua kwa kawaida mwaka mmoja huko Uingereza, na katika nchi nyingine mara nyingi miaka miwili. Ya tatu, yaani uzamivu, ndiyo impayo mtu jina la Daktari ingawa hatibu mgonjwa. Hiyo huchukua miaka mitatu au minne, na huko Marekani mara nyingi mitano au zaidi. Wala haipatikani kwa kujibu maswali ya mtihani tu. Mwanafunzi hutakiwa kuchimbua jambo ambalo hakuna aliyelieleza kabla yake, kisha aliandike katika kitabu kiitwacho tasnifu, na walimu wamhoji juu yake.

Zamani kwenda nje kulikuwa lazima. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata Oktoba 1961, kilipofunguliwa chuo cha Dar es Salaam kwa wanafunzi wachache wa sheria. Kabla ya hapo aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, Uganda, na wachache sana wakavuka bahari. Leo vyuo vyetu wenyewe, kama Dar es Salaam, Sokoine na Muhimbili, hutoa shahada zote tatu. Basi aendaye ng'ambo leo hafuati shahada peke yake. Hufuata maabara zenye vyombo tusivyo navyo, maktaba kubwa, walimu waliotumia maisha yao katika jambo moja, na pengine sifa ya jina la chuo.

Gharama yake ni kubwa. Ada ya mwaka mmoja wa shahada ya pili huko Uingereza, kwa mwanafunzi atokaye nje, huweza kuupita mshahara wa miaka kadha wa mwalimu wa kijijini. Ndiyo sababu wengi wa watoto wetu huenda kwa ufadhili: wa Jumuiya ya Madola, mpango ulioanzishwa mwaka 1959, au wa Chevening wa serikali ya Uingereza, au wa Fulbright wa Marekani ulioanza 1946, au wa DAAD wa Wajerumani. Hata aliyepata ufadhili hutakiwa mara nyingi kuthibitisha kwa mtihani kwamba ajua Kiingereza, kisha aombe viza, na kungoja kwa wasiwasi. Tena tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa shahada ya pili hawaruhusiwi kuingia Uingereza pamoja na mume, mke wala watoto. Basi mama mwenye mtoto mdogo akipata nafasi, humwacha mtoto kwa bibi yake. Naomba mlishike neno hili la bibi, kwa maana tutalirudia.

Sasa tuyasikilize mawazo ya pande mbili.

Upande wa kwanza husema: mtoto huyu ni wetu na elimu yake ni yetu. Wenye wazo hili wana shahidi mkubwa. Mei 1964, Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akilieleza Bunge mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka 5, alitoa mfano ambao wazee wengi wameusikia. Aliwafananisha waliopata elimu na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila, kisha asiwaletee wenzake msaada, amewasaliti. Nyerere hakuishia katika maneno. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam walipoandamana kuikataa sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na siku hizo hizo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walipokewa tena baadaye.

Upande wa pili husema: mfano huo ulikuwa mzuri kwa wakati wake, lakini haumfai kijana wa leo. Chakula alichokula si cha kijiji. Ada yake imelipwa na serikali ya Uingereza au na chuo cha Marekani. Alishindana na watu wa nchi nyingi akawashinda kwa akili zake. Kijiji kilimpa nini? Kilimpa maneno ya kumvunja moyo na nauli ya basi. Mtu hadaiwi kwa alichokipata kwa mgeni. Tena, husema hao, mkimfanya kila msomi kuwa mdeni mpaka kufa kwake, mtakuwa mmemtia utumwani, nanyi mwasema utumwa ulikwisha.

Maneno haya ya pili yana nguvu, wala si haki kuyapuuza. Ni kweli kwamba wako watu waliomsahau mtoto alipokuwa akitembea pekupeku kwenda shule, wakamkumbuka siku ya viza. Na ni kweli kwamba mwanadamu si mfuko wa korosho hata watu wagawane bei yake. Lakini nadhani wasemao hivyo wamehesabu vibaya. Wamewahesabu waliotoa mwishoni tu, wakawaacha waliotoa mwanzoni.

Tuhesabu pamoja. Mtoto hawezi kushindania nafasi ya Edinburgh au ya Illinois ila amekwisha kupita darasa la kwanza. Nani alimlipa mwalimu wa darasa la kwanza? Serikali ilimlipa kwa kodi, na katika kodi hiyo imo ya mkulima wa korosho wa Bungu na ya mvuvi wa kamba wa Salale, ambao pengine watoto wao hawakufika popote. Nani alitengeneza dawati? Mara nyingi ni wazazi waliochanga. Na nyumbani je? Katika nyumba nyingi walikuwako watoto wawili au watatu wenye akili, na fedha zilitosha kwa mmoja. Mmoja akaenda shule ya bweni, na dada yake akabaki dunguni kuwafukuza ndege katika mpunga. Dada huyo hakuandika barua ya maombi kwa mfadhili yeyote, lakini nafasi yake mwenyewe aliitoa. Mpunga alioulinda uliuzwa, ukawa sare na daftari za ndugu yake. Na yule bibi anayemlea mjukuu huku mama yake yuko ng'ambo, kila usiku anaoamka mtoto akilia, alipia sehemu ya shahada ile, ingawa jina lake halitaandikwa katika cheti.

Tena hata wafadhili wenyewe hawasemi kwamba kijana ni huru na nchi yake. Aliyesomeshwa na Chevening huahidi kurudi kwao na kukaa huko miaka 2. Mpango wa Jumuiya ya Madola nao humtaka ahidi kurejea, na aliyesomeshwa Marekani na Fulbright hutakiwa kwa kawaida kukaa kwao miaka 2 kabla ya kuomba kuhamia huko. Kwa nini mgeni atoe fedha zake, kisha amwambie aliyempa, "Rudi kwenu"? Ni kwa sababu ajua kwamba hakumpa yeye peke yake. Alimpa kwa ajili ya wale aliowataja katika barua yake ya maombi. Maana tujiulize, kijana huyu aliandika nini alipoomba? Hakuandika, "Nipeni nafasi nipate mshahara mzuri." Aliandika habari za watu wake: maji ya chumvi yanayoingia katika mpunga, wajawazito walio mbali na hospitali, shule zisizo na walimu wa hesabu. Aliomba kwa shida zetu. Basi shida zile zilikuwa kama dhamana aliyoiweka, na mwenye kukopa kwa dhamana ya watu hawezi kusema kwamba watu hao hawamhusu.

Kwa hiyo nasema deni lipo. Lakini hapa ndipo upande wa kwanza nao unapokosea, maana umeona deni ila haukuona ni deni la kitu gani.

Mkulima akiazima pishi ya mbegu ya mpunga kwa jirani, alipa nini? Halipi punje zile zile, kwa kuwa zimekwisha kuoza ardhini zikawa miche. Wala halipi kitambaa au kuku, hata kama kuku ana bei kubwa kuliko pishi ile, kwa sababu jirani mwaka ujao hatapanda kuku. Alipa mbegu. Aliyeazimwa kitu cha kupanda arudisha kitu cha kupanda. Hivyo ndivyo nionavyo deni la elimu. Aliyepewa elimu alipe elimu.

Tukilishika neno hili, mengi yanayotutatiza hukaa mahali pake. Tuanze na fedha. Wako vijana wetu walioko ng'ambo wanaotuma fedha kila mwezi. Mwanafunzi huko Uingereza aruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo, na wengi huosha vyombo na kutunza wazee ili wapate cha kutuma nyumbani. Fedha hizo ni tendo jema. Zimejenga nyumba za bati na kulipia matibabu. Lakini zalipa deni la mwana kwa mzazi wake, nalo hata mwana asiyesoma analo; mvuvi wa Nyamisati alilipa kila arudipo na kitoweo. Deni la elimu bado halijaguswa. Anayetuma fedha na kuinyamazia elimu yake afanana na aliyeazima mbegu akalipa kuku.

Pili, tutazame kurudi. Watu husema, "Amerudi, deni limekwisha." Lakini amerudi wapi? Wako wanaorudi, wakakaa Dar es Salaam katika ofisi nzuri, na gari lao halipiti tena Mkuranga kuja huku ila kwa mazishi. Wakizungumza, huchanganya maneno hata mama zao hawawaelewi. Hao wamerudi kwa mwili, na mbegu imebaki katika mfuko. Kurudi kwa mwili ni kwema, na mara nyingi ndiyo njia iliyo nyepesi ya kulipa, lakini si malipo yenyewe.

Mfano wa kulipa kwa elimu tunao. Nyerere mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule huko Tabora alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Alisoma huko hata 1952 akapata shahada ya M.A., ambayo kwa desturi ya Scotland ndiyo shahada ya kwanza. Aliporudi alishika chaki tena huko Pugu, kabla ya kuiacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa mwaka 1955. Habari za siasa zake twazijua sote. Nataka tukumbuke jambo dogo zaidi. Akiwa kiongozi wa nchi, mwenye shughuli zisizokwisha, alizifasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikatoka 1963 na nyingine 1969. Hakuna mfadhili aliyemlazimisha. Alikuwa ameonja kitu kitamu katika lugha ya watu wengine, akaona si haki akile peke yake. Kama mtu mwenye kazi ya kuongoza taifa alipata nafasi ya hayo, msomi wa leo anayesema hana nafasi aseme polepole.

Sasa niseme habari ya nchi yetu hii ya Rufiji, kwa kuwa hapa deni hili lina uso wake wa peke yake. Sisi hatutoi tu wanafunzi waendao ng'ambo. Sisi wenyewe tumekuwa kitabu cha wanafunzi wa ng'ambo. Delta yetu ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote katika Afrika ya Mashariki. Mto wetu hupanda na kushuka, na wakulima hupanda mahindi na kunde katika unyevu ulioachwa na mafuriko, kilimo tukiitacho mlau. Mambo haya yamewaleta wenye elimu kutoka nchi nyingi. Mnorwe Kjell Havnevik alitafiti Rufiji, akatoa mwaka 1993 kitabu cha Kiingereza ambamo maisha ya bonde hili ndiyo mfano wake mkubwa. Wengine wengi wamekuja na madaftari, wakauliza mna ekari ngapi, mnakula mara ngapi, mwakata boriti ngapi. Wazee waliwapa viti, wakaacha kazi zao, wakajibu. Kisha wageni wakaenda, na watoto wetu wenyewe wanaosoma nje nao wakaja na madaftari kama hayo, wakaenda. Majibu yale yamekuwa tasnifu. Ziko wapi? Ziko katika maktaba za mbali, kwa Kiingereza.

Madhara yake si ya kuwaza tu. Mwaka 2012 Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett wa Marekani waliandika katika jarida moja la kitaalamu ya kwamba mipango ya kuhifadhi mikoko yetu kwa ajili ya biashara ya hewa ya ukaa yaweza kuwaondoa wakulima wa mpunga katika delta, nchi waliyoikaa kwa karne nyingi. Mwaka 2013 wataalamu wengine, wakiwamo wa shirika la WWF, wakajibu kwamba habari hizo hazikuelezwa sawasawa. Mimi sikusudii kuamua hapa nani alisema kweli. Ninachotaka mkione ni hiki: yalikuwa mashindano juu ya mashamba ya watu wa delta, juu ya haki yao ya kukaa au kuondoka, nayo yakafanyika katika lugha wasiyoisoma na katika kurasa wasizoziona. Mwenye shamba hakuweza kusema, "Hapa mmekosea," wala, "Hapa mmesema kweli." Majibu yake ndiyo yaliyojenga kesi, na hukumu hakusomewa.

Yako na mambo ya kinyume cha hayo, nayo yatupa moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la Kanada liitwalo IDRC, ilianza mradi uitwao TEHIP katika wilaya ya Rufiji, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Kibiti, na katika Morogoro Vijijini. Nyumba kwa nyumba watu waliulizwa nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Lakini majibu hayakuishia katika vitabu. Yalirudishwa kwa halmashauri za wilaya, zikaonyeshwa ni magonjwa gani yanayoua zaidi, kama malaria, na ni fedha kiasi gani zinazotumika kuyazuia. Halmashauri zikapanga fedha zao upya. Taarifa za mradi zilieleza kwamba katika miaka mitano hivi vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wauliza maswali walikuwa wale wale, na wajibu maswali wale wale. Tofauti ni kwamba mara hii jibu lilirudi nyumbani.

Labda mtu atanipinga akisema: "Mwalimu, wewe waweka mzigo usiobebeka. Kijana amesomea jambo ambalo hapa halina kazi. Hakuna maabara, hakuna ajira. Akirudi atakaa barazani hata shahada iote ukungu. Je, si afadhali abaki huko atumie akili zake?" Najibu: ndiyo, pengine ni afadhali. Sitamhukumu mtu aliyebaki ng'ambo kwa sababu kazi yake haiwezi kufanyika hapa. Lakini nilisema deni ni elimu, wala sikusema ni mwili. Elimu yaweza kuvuka bahari pasipo mwili. Aliyeko mbali aweza kumwandikia mwalimu wa sayansi wa shule aliyosoma, amweleze namna ya kufundisha jambo gumu. Aweza kumwongoza mdogo wake anayeomba nafasi, asidanganywe na matapeli wauzao vyuo visivyokuwako. Na kila aliyeandika tasnifu ya kurasa 300 aweza kuandika kurasa 4 za Kiswahili, zisomwe katika mkutano wa kijiji alichokiuliza maswali. Je, mzigo huo haubebeki?

Tazameni jambo moja lililo mbele ya macho yetu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mwaka 2024 mafuriko makubwa yalizamisha mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, na watu wakabishana: wengine walisema ni bwawa, wengine walisema ni mvua. Wakulima wa mlau wauliza kama mto utapanda tena kwa kadiri waliyoizoea. Watu wa delta wauliza kama maji ya chumvi yatapanda zaidi katika mpunga. Maswali haya ni ya elimu ya juu kabisa, nayo yana wenyewe wanaoyajua. Yuko bila shaka mtoto wa Tanzania anayesoma mambo ya mito katika chuo fulani cha ng'ambo. Akija siku moja Nyamisati, akasimama mbele ya wavuvi na wakulima, akaeleza kwa Kiswahili safi mambo tunayoyajua na yale ambayo bado hayajulikani, atakuwa amelipa deni ambalo nyumba kumi za bati zisingelilipa.

Lakini deni lina pande mbili, nami nisiwaonee wasomi. Mwenye kudai naye ana adabu zake. Jirani aliyeazima mbegu akija kulipa, nawe ukamwambia, "Sitaki mbegu, nataka kuku," nani atakayelaumiwa pasipo na mbegu mwaka ujao? Hivyo ndivyo tunavyowatendea. Kijana akirudi, twamtazama mikononi. Hatumwulizi, "Umejifunza nini?" Twamwuliza, "Umetuletea nini?" Akirudi hana gari, twacheka na kusema alikwenda kuosha vyombo. Akitaka kutueleza alichokichungua, twasinzia, na akitoa noti, twaamka. Baada ya miaka michache ya hayo, msomi hujifunza kwamba kwake hawataki elimu, wataka fedha tu, na mwenye kutakwa fedha tu hujificha. Wengi waliokatika hawakukatika kwa kiburi. Walichoka kuwa ng'ombe wa kukamuliwa.

Basi nionavyo mimi, yatupasa sote kujirekebisha katika mambo machache. Wazazi, tusimpeleke mtoto ng'ambo kwa matumaini ya nyumba tu. Tumwambie kabla hajaondoka ya kwamba twamngojea yeye pamoja na maneno yake. Walimu wenzangu, msomi akija likizo, tumwombe asimame saa moja darasani. Viongozi wa vijiji, mtafiti akija na barua yake ya ruhusa, tumpokee kwa heshima kama desturi yetu, kisha tumwulize mbele ya watu, "Utaturudishia majibu lini, na kwa lugha gani?" Swali hilo si ukorofi, ni haki ya mwenye kuulizwa. Nanyi vijana mnaokwenda, msione haya kwenda kwa fedha za wageni, wala msiogope kukaa muda mrefu kama elimu yataka hivyo. Ila mkiandika maneno ya shukrani mwanzoni mwa tasnifu, kama ilivyo desturi ya vyuo, mkamtaja profesa na mfadhili, mkumbukeni na dada aliyebaki dunguni.

Maana yeye bado ana haki ya kujua. Hakusoma, lakini si kwamba hakuwa na akili. Zamu yake alimpa mwingine. Akiketi leo na kuelezwa kwa lugha yake yale ambayo ndugu yake aliyavukia bahari, naye atakuwa amesoma kidogo katika shule ile ya mbali. Na huenda atauliza swali ambalo maprofesa hawakuliwaza, kwa kuwa mpunga na mto na mikoko yeye huviona kila siku.